Gari Jeupe la Mtaa wa Ferncliff

Saa mbili asubuhi, mwezi wa Juni, magari yalisimama Mtaa wa Ferncliff, nje kidogo ya Boston. Bata mzinga mwitu alikuwa akivuka na vifaranga wake. Mbele ya magari, mkono juu, alisimama mwalimu Delphine Marchetti, amevaa koti la mvua la manjano.

"We trafiki, mikate yangu inapoa!" alipiga kelele Anselm Pires kutoka gari lake jeupe la kusambazia mikate.

"Basi kula mmoja, ufunge mdomo," Delphine alimjibu.

Anselm alimpa mkate mmoja bure.

Tangu hapo walikunywa kahawa kila asubuhi kwenye ngazi za Delphine, wakiwatazama bata wakichakura nyasi za majirani.

"Usiwape chakula, mpenzi," Delphine alionya. "Ndege akilishwa na mtu hupoteza woga."

Anselm aliitikia. Lakini kila alfajiri, kabla Delphine hajaamka, alimwaga mahindi kando ya gari lake. Bata wakihama mtaa, angekuja kwa kisingizio gani?

Wiki ya pili, mama bata alilikimbilia gari jeupe lililokuwa likipita. Halikuwa la Anselm. Lilimgonga, halikusimama.

Delphine alipiga simu akilia. "Amelifuata mwenyewe, Anselm! Kwa nini?"

"Kwa sababu yangu. Nilikuwa nawapa mahindi."

"Nilikukataza."

"Delphi, kipenzi, nisikilize..."

Simu ilikatwa. Anselm alipiga tena na tena, haikupokelewa.

Mchana mvua ikaanza. Vifaranga, bado wa manyoya laini tu, walilia chini ya ua wa Delphine. Kila Delphine alipowasogelea walitawanyika. Mmoja alikwisha kulala ubavu, hainuki.

Jioni simu ya Anselm iliita.

"Nahitaji mikono yako. Maneno yako kaa nayo."

Alikuja mbio kwa miguu, fulana imemganda mwilini. Bata jike mwingine alikuwa uwanjani mwa kanisa ng'ambo ya barabara, amewaatamia wanawe. Anselm alisimamisha magari. Delphine aliwaswaga yatima kwa mwavuli uliofunguliwa.

"Akiwakataa?" Anselm aliuliza.

"Watakufa usiku huu."

Walirudi nyuma, wakangoja. Bata alinyoosha shingo, akawatazama wageni. Mmoja alijipenyeza chini yake, kisha wengine.

"Kesho njoo," Delphine alisema bila kumtazama. "Kwa miguu. Mikono mitupu."

"Nije kweli?"

 Delphine alimsogezea nusu ya mwavuli.

Saa moja kasoro, kifaranga wa mwisho aliingia chini ya bata, na bawa lake likashuka.