Mkasi Usio na Mlinzi

Mashine iitwayo Mchujaji ilikuwa kazini, ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Ilipokea bongo za ng'ombe kutoka machinjioni, pale pale Shinyanga, ikazisaga ndani ya barafu, ikazizungusha kwa kasi mpaka mafuta yakajitenga. Kisha ikaupitisha mchuzi wake kwenye mirija iliyojaa chembechembe za kunasa uchafu. Mwisho kabisa likadondoka tone moja moja, angavu kama chozi. Hicho ndicho kimeng'enya walichokiita Mkasi.

Kabula, fundi wa mashine hiyo, alizoea kuwaeleza wageni hivi: ubongo ukiona jambo huliandika kwanza kwenye nyuzi za ujumbe, zile nyuzi nyembamba za RNA, ndipo kumbukumbu ijengeke. Mkasi hukata nyuzi hizo. Aliyeona ajali akidondoshewa puani mapema, ule mshtuko haukai. Mji mzima ulikuwa umeshasahau kutetemeka.

Siku hiyo Dakta Masunga, mpimaji, alikuwa na mashaka. Walikuwa wamefunga mrija mpya, na nguvu ya Mkasi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Kabula alifurahi, akamtania kwamba yeye hata akipewa asali atauliza nyuki wamekula nini. Masunga hakucheka.

"Mama Limi, kitu hakiongezeki nguvu kwa kuoshwa tu. Kuna kitu kilikuwa kinaushika, na sisi tumekiondoa. Tusiutoe mpaka nijue ni nini."

Kabla Kabula hajamjibu, simu iliita. Mama yake Kabula alikuwa ameanguka mezani akinywa chai, akakata roho mbele ya mjukuu wake Limi, mtoto wa Kabula. Jirani alisema mtoto hasemi kitu, anatazama kikombe tu.

Mama gani angengoja? Kabula alichukua kichupa cha asubuhi ile ile. Masunga akasimama mlangoni akimsihi asubiri jibu, naye akamjibu kwamba mwanawe hatabeba picha ile maisha yake yote, akampita. Nyumbani alimlaza Limi mapajani, akamdondoshea. Mtoto akashusha pumzi, akaomba uji. Kabula akamshukuru Mungu.

Wakati wa mazishi Limi alikaa kwa jirani. Jibu lilikuja kwenye matanga. Masunga alilileta mwenyewe, akaketi mkekani karibu na Kabula, akaongea chini chini. Ndani ya ubongo, Mkasi hauishi peke yake. Una mlinzi wake, protini inayoukumbatia na kuuachia pale tu unapohitajika. Mrija mpya ulimwona mlinzi huyo kuwa uchafu, ukammwaga mferejini na maji ya kuoshea. Mkasi ukibaki hivyo hauachi kazi. Hukata kila ujumbe mpya unaoandikwa.

Kabula hakuhitaji kuelezwa zaidi. Limi alikuwa akizunguka na sinia la vikombe, amechangamka, akiwaamkia wageni shikamoo vizuri kabisa, na kumuuliza kila mgeni jambo lile lile.

"Nani kafa?"

Watu waliinamisha vichwa. Kabula alimvuta pembeni akamwambia ni bibi. Sinia likaanguka. Limi alilia kilio cha mtu aliyeipata habari sasa hivi, akalia mpaka sauti ikamkauka, mwisho usingizi ukamchukua pale pale mkekani. Alipoamka alifikicha macho, akatazama watu waliojaa uani.

"Mama, kuna nini leo? Bibi yuko wapi?"

Shangazi yake Kabula alimnong'oneza aseme bibi kasafiri, kwani kuna ubaya gani, mtoto atafurahi na hata hivyo atasahau. Wanawake wengine wakaitikia. Wengi wao walikuwa na vichupa vya Mkasi nyumbani, vimewekwa pamoja na dawa za mafua.

"Nendeni mkavimwage," Kabula aliwaambia. "Mimi nilitaka kumwepusha na kilio kimoja tu."

Kisha akamkalisha mwanawe mapajani, akaanza kumwambia tena.