Kiu ya Emong

Kila asubuhi katika mtaa wa Burumba, jogoo wa jirani, Mama Zilpa, aliwika kwanza, kisha Emong akanguruma. Emong ni fahali kwa Kiteso, lakini huyu hakuwa na pembe. Alikuwa gari la spoti la Shangazi Akol, jekundu, la milango miwili, lenye pua ndefu na gia za kubadilisha kwa mkono. Umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Asekenye, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeishi na shangazi huyo.

"Ngurumisha, Anti! Ngurumisha!" watoto wa jirani walipiga kelele.

Shangazi Akol alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Malaba, na hakuwa na moyo wa kumnyima mtoto furaha. Alikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, vruum, vruum! Watoto wakaruka kama panzi.

Kisha safari ilianza, na salamu nazo. Alimwona mtu pale Alupe, akasimama. Akamwona mwingine pale Adungosi, akasimama tena. "Yoga! Yoga noi! Nyumbani hawajambo? Ng'ombe je? Mvua imewafikia?" Watu wa huko hawasalimiani kwa haraka, na Shangazi alisubiri kila jibu. Wakati wote huo Emong alikuwa akinguruma pale kando ya barabara.

Ijumaa moja jioni, Shangazi aliweka kijiko chini. "Asekenye, mwanangu, Emong anaondoka. Kesho kutwa mtu wa Bumala anakuja kumnunua. Mshahara wangu unaishia kwenye pampu."

Asekenye alisukuma kando sahani ya ugali. Emong ndiye aliyewapeleka kwa nyanya yake Budalang'i. Emong ndiye aliyemrudisha Shangazi nyumbani kabla Asekenye hajalala.

"Kwani anakunywa kiasi gani?"

"Lita saba, kwenda Malaba na kurudi. Gari kama hili lingetosheka na tano."

"Tukimfikisha tano kesho, atabaki?"

Shangazi alicheka, kisha akaona macho ya mtoto. "Lita tano au chini ya hapo, atabaki. Nimekupa neno langu."

Asubuhi walianza kwa Mama Zilpa, aliyeziba pancha mbele ya nyumba yake. Alibonyeza gurudumu moja, akaguna. "Akol, wewe unaendesha gari au unakokota jembe? Magurudumu yamelegea hivi, injini itaacha kunywa?" Aliyajaza upepo yote manne. Shangazi alipotoa pochi, mama huyo alimfukuza kwa mkono. "Nenda huko! Utanilipa kwa habari njema."

Kisha walifungua buti la nyuma ya gari. Lo! Humo mlikuwa na baiskeli iliyovunjika, gunia la misumari, na jiwe la kusagia wimbi la bibi mmoja wa Adungosi. Kila aliyemwomba Shangazi ambebee mzigo alikubaliwa, na mizigo mingine ilisahaulika humo tangu Pasaka. Waliishusha yote. Waliondoa pia keria ya juu, iliyofungwa siku ya kubeba godoro la jirani.

Okwi, mwanafunzi mwenza wa Asekenye, alikuwa akitazama huku mikono iko mfukoni. Kaka yake alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, basi Okwi aliamini kwamba anajua kila kitu.

"Anti, siri ni moja tu. Ukifika kwenye mteremko, toa gia, weka free. Gari linashuka lenyewe kama maji. Madereva wote wa Malaba hufanya hivyo."

"Hata mimi nilifanya hivyo miaka mingi, mpaka fundi akanigombeza," alisema Shangazi. "Gari hili likiwa kwenye gia na ukaondoa mguu kwenye mafuta, linashuka bila kunywa karibu chochote, na injini inalizuia lisikimbie. Ukiweka free, injini inaendelea kunywa ili isizimike, na breki zinabaki peke yake."

"Aa, hiyo sasa ni ya vitabuni," Okwi alisema, lakini alisogea karibu asikie.

Walijaza tanki kwenye kituo cha petroli hadi pampu ikajikata yenyewe, wakaanza safari. Shangazi aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Alipandisha gia mapema, kabla injini haijalia. Akiona matuta mbele, aliondoa mguu kwenye mafuta mapema ili asifunge breki ghafla. Asekenye alikalia ukingo wa kiti huku macho yake yakiwa kwenye mshale wa mafuta.

"Shangazi, haujasogea! Bado haujasogea!"

"Usiutazame hivyo, mshale utaogopa ushuke kwa haraka."

Kwenye mteremko wa kwanza, ng'ombe waliingia barabarani ghafla. Emong alikuwa kwenye gia, akapunguza mwendo kwa utulivu, akasimama mbali nao. Mchungaji aliinua fimbo kushukuru. Asekenye alimkumbuka Okwi na free yake, akashukuru kwamba hawakumsikiliza.

Kila waliposimama kusalimia, Asekenye alisema, "Ufunguo!" na Shangazi alizima injini. Hata nyuma ya foleni ya malori ya Malaba walizima, wakasubiri kwa raha huku wakitafuna karanga.

Wakati wa kurudi, pale Adungosi, mzee mmoja alikuja mbio akipunga kofia. "Akol! Binti yangu amejifungua pacha! Wewe ndiye uliyempeleka zahanati usiku ule!" Shangazi alipiga kelele za furaha. Walishikana mikono dirishani, wakaulizana majina ya pacha, uzito wao na afya ya mama. Asekenye naye alicheka hadi akasahau kila kitu. Walipoondoka tu ndipo alipogundua kwamba injini haikuzimwa.

Walipitia nyumbani kumwita Mama Zilpa ashuhudie tanki likijazwa tena, wajue Emong amekunywa lita ngapi. Shangazi aliingia ndani kunywa maji. Asekenye alipozunguka nyuma ya gari, alimkuta Okwi akifunga kifuniko cha tanki. Mkononi alikuwa na chupa ya soda ya lita moja, tupu, inayonuka petroli.

"Nimekusaidia," Okwi alinong'ona. "Ni ya jerikeni ya kaka. Hukutaka gari libaki? Nyamaza tu!"

Kabla Asekenye hajajibu, Shangazi na Mama Zilpa walikuwa wameshaingia garini.

Kwenye kituo, Vivianne, mhudumu wa pampu, aliingiza bomba. Namba zilikimbia. Moja. Mbili. Tatu. Nne na kidogo, pampu ikajikata.

"Nne!" Mama Zilpa alipiga vigelegele. Okwi, aliyewafuata kwa mbio, alirukaruka. Vivianne alipiga makofi bila hata kujua sababu. Shangazi alimkumbatia Asekenye. "Emong anabaki!"

Asekenye alikitazama kifuniko cha tanki. Angenyamaza, kila mtu angefurahi. Lakini kila asubuhi angesikia mngurumo ule na kujua kwamba unadanganya.

"Shangazi, si kweli," alisema. "Ndani ya tanki mna lita moja iliyoongezwa kwa chupa. Nilijua, nikachelewa kusema."

Okwi aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Anti. Nilimwonea huruma."

Shangazi alihesabu polepole. "Basi ni tano na kidogo." Alimtazama Asekenye, ambaye machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Na hicho kidogo nakijua. Nimekimwaga mimi pale Adungosi, nikisalimia injini ikiwa imewaka. Ulikiona?"

Asekenye aliitikia kwa kichwa.

Shangazi alitoa simu. "Halo, mzee wa Bumala? Nisamehe sana. Usije kesho. Gari haliuzwi."

"Lakini hatukufika!" alisema Asekenye.

"Kutoka saba hadi tano na kidogo, kwa siku moja! Kesho nikizima injini hata kwa pacha, tutafika. Kazi hiyo naiweza, maadamu niko na mtu anayeniambia ukweli." Alimgeukia Okwi, akamshika bega kwa upole. "Nawe, mwanangu, asante kwa huruma, lakini petroli haibebwi kwenye chupa ya soda. Cheche moja tu ingekuchoma. Jumatatu utakuja tulirudishe jiwe la bibi."

Okwi alikubali haraka.

"Sikilizeni nyote wawili," Shangazi alisema. "Nilidhani Emong ana tundu. Hakuwa nalo. Sisi ndio tuliomwaga mafuta yake kidogo kidogo: upepo kidogo, mzigo kidogo, ngurumo kidogo. Uaminifu nao humwagika hivyohivyo, chupa moja moja, mpaka siku unayouhitaji unakuta tanki tupu. Leo Asekenye amelinda lake."

Waliporudi Burumba, watoto walikuwa wakingoja langoni. "Ngurumisha, Anti! Ngurumisha!"

Shangazi alizima injini, akachungulia dirishani. "Emong amelala. Ngurumeni nyinyi!"

Mtaa mzima ukanguruma, na Okwi ndiye aliyewashinda wote.