Majembe Saba ya Shamba la Mihogo

Kazi yangu ni kutembeza mashine ya kutafutia madini katika mashamba ya watu. Dhahabu sijawahi kupata. Napata rupia za Mjerumani, maganda ya risasi, vikuku vya shaba. Nisichokijua nakipeleka Ujiji kwa Bi Kuruthumu. Huyo mama mpe chuma kilicholiwa na kutu, atakwambia kilikuwa nini.

Mwezi wa pili mwaka huu niliitwa na Alphonce, mkulima wa mihogo juu ya Mwandiga. Nilifika jua likielekea kuzama. Nilitaka nipime kipande kimoja tu, kisha niwahi gari la kurudi mjini. Alphonce akanipeleka moja kwa moja hadi kona ya shamba.

"Anza hapa."

Mtu hajui kilichomo ardhini, lakini anakuonyesha pa kuanzia. Hilo halikunikaa vizuri.

Mashine ikalia kabla sijapiga hatua mbili. Nikachimba. Jembe. La kale, la kufuliwa kwa nyundo, umbo la jani, na mkia mrefu wa kuchomeka kwenye mpini. Chini yake lingine. Yalikuwa saba, yamelazwa kifudifudi, moja juu ya lingine.

Nilipoinuka nikamwona mwanamke amesimama katikati ya mihogo. Miguu peku, kitenge kimoja, hana hereni wala bangili. Hakuwa na chuma chochote mwilini. Mashine mkononi mwangu ikamwelekea kidogo tu...

Ikalia.

Mlio uleule wa majembe.

"Nani huyu?" nikanong'ona.

"Binti yangu," Alphonce akasema, bila kumtazama.

Mwanamke yule alimzidi umri kwa miaka kumi, kama si zaidi.

"Yachukue yote," Alphonce akaendelea. "Hela sitaki. Sema tu kwamba umeyapokea."

"Nimeyapokea."

Akashusha pumzi ndefu, akaondoka haraka. Hata kuniaga hakuniaga.

Asubuhi nikaenda Ujiji. Bi Kuruthumu akafungua gunia, akashika jembe la kwanza, akaliachia.

"Haya hayajawahi kulima. Tazama makali yake. Ni mahari haya, mwanangu. Zamani huku watu walioa kwa majembe." Akanikazia macho. "Ulitamka kwamba umeyapokea?"

"Ndiyo, bibi."

"Na anayepokea mahari ni nani?"

"Baba wa binti."

Akalisukuma gunia kwangu kwa ncha ya kidole.

"Mama yangu alisimulia habari za bibi harusi aliyefia njiani. Kwa mume hakufika. Mume akadai mahari yake, baba mtu akakataa, akayafukia. Kama ndiyo haya, mimi sijui. Ila usiyaache kwangu."

Nikarudi Mwandiga mchana uleule. Mlango wa Alphonce ulikuwa na kufuli. Jirani akaniambia alfajiri alifungasha vitu, akaelekea Kibirizi kupanda boti.

"Na yule binti yake?"

"Yule mama? Aliondoka jana jioni kwa miguu. Alikuwa anauliza anakoishi mtu wa mashine."

Niliyafukia majembe palepale kwenye kona ya shamba, yote saba. Nikakanyaga udongo mpaka miguu ikauma.

Nilifika nyumbani kwangu, mtaa wa Mwanga, magharibi imeingia. Mvua haikuwa imenyesha, lakini mlangoni palinuka udongo uliolowa. Nikasikia ufagio... taratibu... fyaa... fyaa...

Mke wangu Esther alikuwa uani, amejibana ukutani. Yule mwanamke alikuwa anafagia. Nyuma yake majembe saba yameegemezwa ukutani, yana udongo mbichi.

Akaweka ufagio chini, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Sikutaka kuitikia. Naapa sikutaka. Lakini mdomo umezoea, ulishalelewa hivyo.

"Marahaba."

Sasa ni miezi minne. Hali chakula, halali usingizi, anafagia tu. Tangu ile salamu hajatamka neno. Sufuria akiigusa, chakula kinakuwa na ladha ya kutu. Esther ameanza kukohoa, na kwenye leso yake kunabaki udongo mwekundu. Hospitali wamepima, hawajaona kitu. Majembe nimeyatupa ziwani mara mbili. Mara zote mbili yalifika nyumbani kabla yangu.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Kalinzi, Oswald, alinipigia simu. Anakusanya vitu vya kale vya kuwaonyesha wanafunzi, na amesikia nina majembe. Kesho asubuhi anakuja kuyachukua. Kwa maongezi yake ni mtu mwema. Ana watoto watatu, alinitajia mwenyewe kwa furaha.

"Utamwambia?" Esther aliniuliza, mara moja tu.

Nilichukua gunia, nikaanza kuyafungasha majembe.

Jioni hii nimetoka uani. Mwanamke amekaa kizingitini, amefunga kifurushi kidogo, amekipakata. Nilipompita alinishika upindo wa suruali. Vidole vyake ni vya baridi.

"Baba," akaninong'oneza, "hao watoto wa mwalimu wanaitwa nani?"