Felista Aliyeitwa Barazani

Ketrina aliinusa kwanza kwenye kola ya shati la mumewe. Mafuta ya nyonyo. Si yale ya nazi aliyokuwa akipaka yeye, ya chupa, kutoka duka la Mhindi. Nyonyo hasa, nzito, ya kukaangwa nyumbani, waliyojipaka bibi zetu kabla sabuni haijafika Mbozi. Akalirudisha shati puani mara ya pili, kisha akageuza shingo kumtazama mtoto aliyembeba mgongoni.

"Ruti mwanangu," akasema, "baba yako ana mtu."

Nisikufiche, Ketrina alikuwa na wivu. Tangu kwao Ihanda alijulikana hivyo. Mwanamke akimchekea mumewe kwa meno ya mbele, yeye alikwisha kuyaona mpaka magego. Lakini wivu si lazima uwe uongo, na pua haina sababu ya kumsingizia mtu.

Mumewe Anania alikuwa mwalimu wa chuo cha makarani wa baraza, yaani mahakama za machifu, ambacho Serikali ya Mwingereza ilikifungua mwaka 1952: majengo matatu ya matofali mabichi kwenye kilima chenye ukungu, nyumba ya mwalimu ubavuni mwa darasa. Vijana wa Msangano, Ndalambo na Tunduma walitumwa pale na machifu wao kujifunza sheria ya jinai. Kosa ni nini. Mtu anaadhibiwa kwa nini. Ushahidi unakusanywaje, ili asifungwe mtu kwa maneno ya jirani tu. Anania alifundisha kwa moyo, na kwa miaka mitatu Ketrina, akikoroga ugali nyuma ya ukuta, aliyasikia masomo yote ya asubuhi; ya mchana yalimkuta shambani. Alijua hata kilichoandikwa ubaoni kila muhula: ukimshuku mtu, tafuta sababu, tafuta nafasi, tafuta kielelezo.

Basi akamfanyia mumewe upelelezi. Sababu hakuhangaika nayo, mwanamume ni mwanamume. Nafasi ilikuwepo, maana siku hizi Anania alibaki darasani peke yake hata wanafunzi wakishaondoka, na aliporudi hakuwa na hamu ya chakula. Kielelezo akakipata mfukoni mwa koti. Shanga za kiunoni, nyekundu na nyeupe, zimetungwa kwa uzi mweusi. Zilikuwa na joto, utadhani zimevuliwa sasa hivi.

"Baba Ruti," akamwita. "Hizi za nani?"

"Za Felista," akajibu Anania. Bila haya!

"Yuko wapi huyo Felista, nikamsalimie?"

"Amekufa, Mama Ruti. Alikufa enzi za nzige, mimi niko shule ya misheni bado. Hizo ni kielelezo cha kesi."

Akamweleza. Felista binti Yonasi alikuwa mke wa mtu huko Ndalambo. Mumewe alivuka mpaka kwenda migodi ya shaba, akasema atarudi baada ya mavuno, asirudi. Felista akamngoja miaka minne. Siku moja akakutwa shambani amenyongwa, shanga zake mwenyewe amezifumbata mkononi. Muuaji hakupatikana na jalada likafungwa. Anania aliliomba jalada hilo kutoka Boma pamoja na kile kielelezo, akafundishie. "Kijana akijifunza kwa kesi isiyo na jibu," alisema, "hatazoea kubahatisha."

"Sawa. Na mfukoni mwako zinafanya nini?"

Anania akazitazama shanga kama anayeziona kwa mara ya kwanza.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, ukungu ulishuka mpaka vijana wakawasha taa ya chemli darasani. Ketrina akajibanza dirishani. Akamwona mumewe akitoka mpaka mlangoni, akasimama wima kama tarishi wa baraza anapomwita mwenye kesi, akapaza sauti kwenye ukungu:

"Felista binti Yonasi! Felista binti Yonasi! Felista binti Yonasi!"

Akangoja. Kisha akawageukia wanafunzi. "Hakufika. Basi tutasema sisi kwa niaba yake."

Ndivyo alivyoanza somo hilo kila wiki, vijana walipenda. Lakini Ketrina moyo ulimchoma, kwa maana sauti ile haikuwa ya tarishi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitwa hivyo, hata siku ya harusi. Halafu Anania akaanza kumsimulia marehemu. Kwamba mguu wake wa kushoto ulikanyaga ndani kidogo. Kwamba hakupenda mlenda. Kwamba akitwanga aliimba wimbo chinichini, na akifika mwisho alicheka peke yake.

Luka, kijana wa Msangano, alinyoosha mkono kutoka benchi la nyuma. "Samahani, Mwalimu. Hayo ya kutwanga yako ukurasa wa ngapi? Jalada nimelisoma lote, sijayaona."

"Hayamo," akasema Anania taratibu. "Nayajua tu."

Ketrina akamtazama yule Luka aliyeuliza, na hapo ndipo wivu ulipochanganyika na kitu kingine, kwa sababu benchi lile lilikuwa la watu wawili na Luka alikuwa amekaa peke yake, ila alikuwa amesogea mpaka ukingoni kabisa, nusu ya mwili iko nje, kama mtu anayempisha mwenzake, na jasho linamtoka kwenye baridi ile, na harufu ya nyonyo ilikuwa ikitoka dirishani kama moshi wa jiko.

Jioni hakupika. "Niambie, Baba Ruti," alisema. "Mimi nakanyagaje?"

"Nini?"

"Mguu wangu upi unauma wakati wa baridi? Mboga gani siipendi? Miaka sita niko kwako. Niambie moja tu!"

Anania akafikiri. Maskini alijitahidi kweli, uso ulionyesha. Hakuwa na hata moja.

Ketrina akaingia chumbani akalia, na wala hakujificha. Kumwonea wivu aliye hai ni haki yako, unaweza kumfuata kisimani ukamvua kilemba. Wa kaburini utamfanya nini? Machozi yalipokauka akafanya jambo la kijinga, jambo ambalo hata mimi ninayesimulia natamani ningekuwepo nimshike mkono. Alizichukua zile shanga akazivaa kiunoni, chini ya kanga, akakaa kitandani kumngoja mumewe. Nione, akasema moyoni, kama mimi nami sitatazamwa.

Akatazamwa. Anania aliingia, akasimama, uso ukamfunguka kwa furaha ambayo Ketrina hakuwahi kuiona.

"Felista," akanong'ona. "Umefika."

Ketrina akazikata shanga kwa mikono miwili, zikatawanyika sakafuni, nyingine zikabingirika chini ya kitanda. Akambeba mtoto, akaenda kulala jikoni.

Asubuhi aliamka akakuta sufuria zimeoshwa, na hakuziosha yeye. Akaenda chumbani, akazikuta shanga zinaning'inia kwenye msumari, zimetungwa upya zote kwa uzi mweusi. Akarudi mbio jikoni kumtazama mwanawe, na Ruti alikuwa amekaa kwenye mkeka akicheka na kona tupu, paji la uso, mashavu na mikono vikimeremeta kwa mafuta ya nyonyo aliyopakwa vizuri sana, bila kusahau hata nyuma ya masikio, kama apakavyo mama.

Siku hiyo hiyo akatafuta mganga. Alikuwa mwanamke wa Ndalambo aitwaye Tusekile, mfupi, mkali, mvuta ugoro. Alikuja na kikapu cha maharage kichwani akijifanya mchuuzi, maana mchungaji angesikia, Mwalimu angetengwa na kanisa na kazi yenyewe ingeota mbawa. Akanusa nyumba toka mlangoni.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ya chini, "umemwita mara ngapi huyu?"

"Mara tatu. Kila wiki, kwa miaka mitatu. Ni somo tu, mama."

"Barazani mtu akiitwa mara tatu anafanyaje?"

"Anafika."

"Na kesi ikiisha?"

"Anaruhusiwa kuondoka."

"Wewe ulimruhusu siku gani?"

Anania akahesabu kwa vidole, akaacha.

"Awe!" Tusekile akapiga paja. "Mtu aliachwa na mume bila kuagwa, akauawa bila kuamuliwa, wewe unakwenda kumwita kwa sauti tamu halafu humwambii arudi! Atakwenda wapi? Amekwisha kujiona yuko kwake."

Akatoa unga mweusi katika pembe ya dawa, akauchora mstari kwenye kizingiti cha nyumba. "Sikilizeni, sirudii. Wewe uliyemwita ndiwe utakayemruhusu. Simama ndani, taja jina lake kamili mara tatu, sema aondoke. Atakayetajwa hatavuka mstari huu tena mpaka kufa. Lakini iwe kwa moyo wako, Mwalimu. Dawa hii haina masikio mawili."

"Nitasema," akasema Anania. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mama Ruti, nisamehe. Nitasema."

Ketrina akamwamini. Akatoka nje kumwachia nafasi, mtoto mgongoni, akasimama karibu na Tusekile akiwa ameshika mikono kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu harufu ile, alijisikia mke wa mtu. Ukungu ulikuwa umetanda uwanjani ingawa ni mchana, na nyonyo ilinuka mpaka machozi yakatoka, na ndani, nyuma ya bega la Anania, palionekana kama mtu anatengeneza kanga yake, taratibu, bila haraka ya mgeni, na Anania akageuza uso kidogo upande ule kama mtu anayenong'onezwa, akatikisa kichwa, akanong'onezwa tena, halafu akaangalia nje.

"Ketrina binti Osea," akasema.

Ketrina akatabasamu kwa hofu. "Umekosea, baba. Sema la kwake."

"Ketrina binti Osea."

"Mwalimu!" Tusekile akapiga kelele. "Ziba mdomo!"

"Ketrina binti Osea," akasema Anania kwa ile sauti, ile ile ya mlangoni, tamu kama alivyotamani kuisikia miaka sita. "Kesi yako imekwisha. Nenda."

Ketrina akaurukia mlango. Mguu ukafika kwenye mstari ukagoma. Akausukuma kwa mikono, akatukana, akamwita mumewe, akaita jina la Yesu. Mguu haukusogea hata kidole. Tusekile alikwisha kuokota kikapu chake, anarudi kinyumenyume.

"Nirudishe ndani!" Ketrina akamlilia. "Nirudishe kwangu!"

"Siwezi, mwanangu. Si mimi niliyekutoa."

Ndani vyombo viligongana. Sauti ya mwanamke ikauliza kwa upole, "Nikupakulie?"

"Pakua, mke wangu," akajibu Anania.

"Ngoja kwanza. Huyo mgeni hapo nje, mwambie aniletee mwanangu."

Ketrina hakungoja Anania aseme ndiyo au hapana. Alimvuta Ruti kutoka mgongoni akamkumbatia kifuani, akaishika njia ya Ihanda kwa mbio. Nyuma yake mlango ulilia, na mumewe akasimama wima pale alipozoea kusimama.

"Ruti binti Anania!"

Mtoto akainua kichwa, akacheka. Ketrina akamziba masikio kwa viganja.

"Ruti binti Anania!"

Akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake yote, sauti ya kupasua koo, akikimbia bila kuona njia, ili ile ya tatu isisikike.