Aliyefutwa Ukurasani

Yote yalianza na mchanga ndani ya chupa ya maziwa ya mtoto. Solène aliisuuza, akaichemsha, akaitikisa, mchanga ukarudi, mweusi, unanuka mafuta ya meli.

"Umeingia jikoni na viatu vya ufukweni?" akamuuliza mumewe.

"Sijatoka tangu Jumapili," Aubin akajibu. "Njoo uone, halafu unilaumu."

Aubin alichora picha za vitabu vya vita. Kitabu hiki kilikuwa cha asubuhi ile ya Juni ya Vita Kuu ya Pili, askari walipoteremka majini chini ya risasi, kwenye pwani hiihii wanayoiona kutoka dirishani. Alinakili kutoka kwenye picha ya zamani iliyobandikwa ukutani. Mbele kabisa kwenye ile picha askari mmoja alikuwa anazama, mkono juu, mdomo wazi. Kwenye mchoro, mahali pake palikuwa maji matupu.

"Huyu wa mbele umempeleka wapi?"

"Nimemfuta. Mhariri anataka pa kuweka maandishi. Maelfu walishuka, mke wangu, mmoja nani atamkumbuka?"

Kesho yake saa sita mchana Solène alikuwa akimwogesha Colas, mwanawe wa miezi saba, mara maji yakawa ya baridi, yakawa ya chumvi, yakawa mekundu, na mkono ukatoka chini ambako hakuna chini, mkono uliovimba, ngozi inaning'inia kama glavu, ukamshika mtoto kifundo cha mguu ukavuta, na Solène akavuta, akauma kidole kimoja mpaka mfupa ukalia menoni mwake, na Aubin alipoingia mbio ule mkono ukamwacha mtoto, ukamkamata yeye nywele, ukampiga uso kwenye ukingo wa bafu mara tatu, meno yakatapakaa sakafuni.

Walimwita Bibi Ozanne wa ng'ambo ya barabara, yule anayepulizia walioungua moto maumivu yakaisha. Alitazama alama tano kwenye mguu wa mtoto, kisha yale maji matupu kwenye mchoro.

"Huyo askari hana ugomvi na mtoto," akanong'ona. "Mmemnyang'anya maji yake, anatafuta mengine ya kufia. Mrudisheni mchoroni kabla bahari haijajaa. Na wewe Aubin, usije ukampa sura ya mtu aliye hai."

Lakini picha ya ukutani ilikuwa imelowa, uso wa askari umeyeyuka. Aubin alichora kofia, mkono, bega, damu ikimdondoka kidevuni, akafika kwenye uso akakwama.

"Alikuwaje, Solène? Pua yake ilikuwaje?"

"Sijui. Sikumwangalia hata mimi."

Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, na Colas akakohoa mkononi mwa mama yake, akakohoa tena, akatapika maji ya chumvi na mchanga, midomo ikawa ya bluu, na Bibi Ozanne akipuliza akipuliza bila kitu kubadilika, na Solène akisema fanya, Aubin, fanya chochote, naye Aubin akachukua kioo cha kunyolea, akajitazama, akachora.

Colas akavuta pumzi, akalia. Harufu ya mafuta ikatoweka.

Aubin akageuka kumtazama mkewe, akafungua mdomo aseme neno, maji yakamtoka. Alizama palepale, juu ya kiti kikavu, akirusha mikono, wanawake wawili wamemshika na hawana pa kumvutia.

Mchoro ulipelekwa kwa mhariri kama ulivyo. Mwezi wa tano kitabu kikaletwa, kizito, karatasi inang'aa, na barua ya pole: mchoro wa mwisho wa marehemu ni mzuri mno, wamerekebisha kidogo tu.

Solène akafungua ukurasa. Mahali pa askari mwenye uso wa Aubin palikuwa maji matupu, na juu yake maandishi.

Colas alikuwa akitambaa ukumbini. Bafuni bomba likafunguka lenyewe, kisha sauti ambayo Solène alilala nayo miaka sita ikamwita mtoto kwa jina, taratibu, kama baba anavyoita.