Nilipanda Maharage Juu ya Mkongo

Akina mama wenzangu, nawaandikia mjihadhari. Jina langu Otilia, ila wengi huniita Mama Bertilla, kwa jina la binti yangu.

Kijiji chetu kipo mbali kidogo na lami ya kwenda Kasanga. Kila asubuhi nikifungua mlango, cha kwanza kukiona ni mnara wa simu. Upo shambani kwa jirani yangu, Minza. Serikali ilitaka mtandao ufike kila kijiji. Wapimaji wakachagua kwa Minza kwa sababu pameinuka.

Roho iliniuma. Mimi nimezaliwa hapa. Minza na ng'ombe wake wamehamia juzi tu.

"Mama Bertilla, sasa simu zitashika hadi jikoni!" aliniambia akicheka.

"Zitashika kwako, mwenye mnara," nikamjibu.

Kisha mafundi wakachimba mtaro kando ya barabara, ukingoni mwa shamba langu, wakafukia waya mweusi unaoitwa mkongo. Wakasimika kigingi cha zege. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza, "Hiyo ni hifadhi ya barabara. Msilime hapo."

Nikawaza: Minza apewe mnara, mimi nipewe makatazo? Nikang'oa kigingi. Nikakiweka mlangoni, tukawa tunakwangulia matope ya miguu.

Halafu nikalima ntumba hapo hapo. Sisi Wafipa tunabandua majani pamoja na udongo wake, tunayafunika ndani ya tuta la duara yaoze. Juu nikapanda maharage. Lakini pale pana mteremko. Mvua ikachimba korongo palipobaki wazi. Mwaka uliofuata nikalima tena humo humo. Jembe likagonga kitu cheusi. Nikadhani mzizi. Nikakipiga mara mbili, kikakatika.

Kesho yake asubuhi binti yangu Bertilla, mwenye mimba ya miezi minane, akaanza kutoka damu. Tukamkimbiza zahanati. Nesi Asnath akachukua simu aite gari la wagonjwa. Akatoka nje, akainua simu juu, akarudi.

"Mtandao hakuna tangu jana. Mama, huyu hawezi kusubiri!"

Bertilla ndiye mtoto wangu wa pekee.

Mara nikasikia mkokoteni. Ni Minza, aliyetuona tukipita mbio, na ng'ombe wake wawili.

"Mpandishe! Unaniangalia nini?"

Tulipofika lami, lori la samaki, migebuka, kutoka Kasanga likatubeba hadi hospitali. Bertilla akapasuliwa. Akapona, na mtoto akapona. Daktari akaniambia, "Mngechelewa kidogo tu..."

Niliporudi nyumbani, nilimkuta kijana amechuchumaa kwenye matuta yangu. Minza alisimama kando yake.

"Shikamoo mama. Naitwa Clemens, fundi wa mkongo. Shamba hili la nani?"

"Marahaba. Langu."

"Mnara wenu unapata mtandao kwa waya huu. Ndani kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Mawasiliano yanapita humo kwa mwanga. Ukikatwa, mnara unabaki chuma tu. Shule kimya, zahanati kimya."

"Si mlifukia chini sana?"

"Hadi kiunoni kwangu. Lakini majani ndiyo yanashika udongo. Ukiyabandua, mvua inaubeba. Na hapa palikuwa na kigingi. Kimekwenda wapi?"

Minza alitazama mlango wangu. Alikuwa anakiona kila siku.

"Kipo kwangu," nikasema. "Mkongo nimeukata mimi."

"Mama Bertilla," Minza akauliza taratibu, "ulikuwa unamkomoa nani?"

Nililia.

Clemens akasema, "Mama, usichimbe karibu na kigingi. Ukitaka kuchimba, uliza kwanza ofisi ya kijiji. Ukiona kigingi kimeanguka, au waya umetokeza, usiuguse. Toa taarifa."

Clemens alipomaliza kuunga mkongo, nilikibeba kigingi mwenyewe hadi mahali pake. Minza akanisaidia kuvunja matuta na kurudishia majani. Sasa yameota vizuri.

Wiki iliyopita nilimpeleka mjukuu kliniki. Mama mmoja alizidiwa na uchungu pale. Nesi Asnath akapiga simu.

"Haloo! Mnanisikia?"

Walimsikia. Gari likaja.

Mnara bado upo kwa Minza. Nikiuona asubuhi roho bado inanichoma kidogo, sitawadanganya. Lakini jembe langu linaishia kwenye kigingi.