Feriti wa Edna Hawalali Tena Shimoni

Edna Ormerod alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la Lancashire, Uingereza, mkono umezama shimoni hadi begani. Alikuwa anamtafuta Ginger.

Ginger ni feriti, mnyama mdogo mwembamba wa ukoo wa kicheche. Kazi yake ni kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwafukuza. Sungura wakichomoka mbio, wananaswa na nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mashimo. Ukoo wa Ormerod umewinda hivyo miaka nenda miaka rudi. Lakini leo Ginger aliingia asitoke. Alimkamata sungura humohumo ndani, akamla, akalala fofofo.

Bwana Entwistle, mwenye shamba, alikuja kusimama karibu, koleo mkononi.

"Bibie, unachimbua malisho yangu kuliko hao sungura wenyewe. Nakupa nafasi moja tu, baada ya Krismasi. Ukishindwa naleta watu wa kuwaua sungura kwa gesi, na nyinyi akina Ormerod msikanyage hapa tena."

Edna alirudi nyumbani na tope usoni na hasira kifuani. Mumewe, Clifford, alikuwa amekaa jikoni, mguu wenye plasta juu ya kiti. Tangu aanguke kutoka kwenye ngazi, uwindaji wote ulikuwa wa Edna.

"Clifford, feriti wetu wote wana njaa."

"Feriti wa kazi lazima awe na njaa. Akishiba hawindi. Baba alisema hivyo."

"Na hizi punje kavu za chakula cha mbwa unazotaka walishwe kila siku? Tazama mbavu zao. Manyoya yanapukutika. Nitawapa nyama."

"Thubutu! Wakionja damu watakula vidole vyako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mbona guu lililovunjika ni lako?"

Clifford aliinamia chai yake.

Jumatatu Edna alimtia Ginger kwenye sanduku, akaenda mjini kwa Nasreen Akhtar, daktari wa mifugo. Daktari alimpapasa Ginger mgongo, akamtazama meno.

"Anakula nini huyu?"

"Chakula kikavu cha mbwa. Siku ya kazi hali kitu."

"Ndiyo maana amekonda."

"Basi niambie, daktari, usinizungushe. Chakula kikavu au nyama mbichi?"

Daktari Akhtar alicheka. "Vyote viwili vinafaa, ila kila kimoja kina masharti yake. Feriti ni mla nyama. Utumbo wake ni mfupi, chakula hupita kwa saa chache tu. Punje za mbwa zimejaa nafaka, na nafaka haimsaidii. Ukitaka kikavu, tafuta kile kilichotengenezwa kwa ajili ya feriti, chenye nyama nyingi. Na maji yawepo muda wote."

"Na nyama mbichi?"

"Nzuri sana. Lakini si mnofu mtupu. Mpe na ini, moyo, na mfupa mbichi. Mfupa uliopikwa hapana, unavunjika vipande vyenye ncha. Sungura wako wagandishe kwanza kwenye friza, kupunguza wadudu wa tumboni. Nawa mikono ukimaliza. Mabaki uyatoe mapema, hasa kiangazi, kabla nzi hawajataga mayai."

"Mume wangu anasema damu itamfanya mkali."

"Feriti mkali ni yule asiyezoea kushikwa. Mshike kila siku."

"Na asubuhi ya kazi?"

"Mpe kidogo, usimshibishe. Mwenye njaa anaua humo shimoni, anakula, analala. Aliyepoza njaa hufukuza tu. Ila badilisha polepole. Tumbo lake halijazoea."

Edna aliamua palepale: nyama ya sungura wakati wa baridi, chakula kikavu cha feriti wakati wa joto na nzi.

"Nyumbani kwangu feriti hawali nyama mbichi," alisema Clifford jioni ile.

"Basi inuka uwalishe mwenyewe."

Hakuinuka. Edna akaanza na vipande vidogo, akiongeza kila siku na kupunguza zile punje. Mwanzoni Ginger alinusa akageuza kichwa. Edna hakukata tamaa. Kufikia Krismasi, mbavu zilikuwa zimefunikwa na manyoya yanayong'aa. Kila jioni Edna alimpakata. Vidole vyake vyote vilikuwapo.

Stan, kaka yake Clifford, aliiona hiyo nyama akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, unafuga feriti au wafalme?"

"Maneno matupu hayavunji mfupa," alisema Edna, akaendelea kukata ini.

Siku ya Bwana Entwistle ikafika. Stan alikuja kushika nyavu, na kucheka pia. Langoni Edna alifungua kopo, akampa Ginger vipande vichache vya nyama mbele ya kila mtu.

"Kifungua kinywa, jamani!" alisema Stan. "Leo tutachimba mpaka Pasaka."

"Shika wavu, Stan."

Edna aliogopa, asikudanganye mtu. Ginger akilala leo, shamba limekwenda. Lakini alimshusha shimoni. Wakangoja. Bwana Entwistle alikunja mikono yake kifuani.

Ardhi ikadunda chini ya buti zao. Sungura akachomoka kama jiwe la manati, wavu ukamfunika. Akafuata mwingine. Kisha Ginger mwenyewe akatoa kichwa, akakung'uta udongo, akaelekea shimo la pili. Alifanya hivyo kutwa nzima. Koleo lilibaki limeegemea ukuta wa mawe, safi.

Stan alibeba sungura. Mwishowe akauliza, "Hilo ini, unampa kiasi gani?"

"Njoo kesho nikuonyeshe."

Bwana Entwistle alitazama malisho yake. Hayakuwa na shimo hata moja jipya. Akasafisha koo.

"Sawa. Mwambie Clifford aje tena mwezi ujao."

Edna alimweka Ginger kwenye sanduku, akafunga kifuniko taratibu.

"Clifford yuko nyumbani na mguu wake. Mwenye feriti amesimama mbele yako. Niambie mimi."

Bwana Entwistle alikunjua mikono yake.

"Bi Edna," alisema, "naomba uje tena mwezi ujao."